Mwanga Uliopita Kwenye Turubai

Ukiingia Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda juu ya maghorofa, utakuta nyuso za watu zina rangi ambazo hawakuzaliwa nazo. Muuza mikanda aliyekaa chini ya turubai la buluu ana mashavu ya buluu. Hatua tatu mbele, dada anayepanga soksi chini ya mwavuli mwekundu wa kampuni ya simu ana wekundu unaoanzia kwenye paji la uso na kushuka hadi shingoni. Hata daftari lake la mauzo, ambalo karatasi zake ni nyeupe, limegeuka la waridi. Mpita njia anauliza bei, anapunguziwa, anaondoka, wala hashangai. Jicho lake limeuona ule wekundu, likatambua kuwa ni wa mwavuli, likautoa, kisha likamkabidhi sura ya yule dada kama Mungu alivyomuumba. Hesabu yote hiyo imefanyika kichwani kwa muda usiotosha hata kupepesa, na mwenye kichwa hana habari.

Sasa toa simu umpige picha. Wekundu uko palepale. Simu za siku hizi hujitahidi kusahihisha rangi, lakini hubahatisha: zikimwondolea dada wekundu, zinambadilishia na ukuta wa nyuma yake. Jicho halibahatishi hivyo, nalo tulipewa bure, mawili mawili, kabla hatujajua kutamka jina la rangi yoyote.

Watengenezaji wa filamu kubwa za dunia wamejenga kazi yao juu ya tofauti hiyo, kati ya jicho linalosamehe na kamera isiyosamehe. Dairekta ndiye mwenye hadithi. Ndiye anayejua kama sini hii inamtaka mtazamaji aogope au atulie. Mpiga picha mkuu huja na maswali yake: mwanga utoke upande gani, uwe mkali au mlaini, lenzi iwe ipi, kamera ikae kimo gani, na giza liachwe wapi. Pamoja na mbunifu wa mandhari na mbunifu wa mavazi, hukaa miezi kabla kamera haijawashwa, wakishauriana juu ya rangi ya ukuta mmoja. Ukiona filamu ambayo kila picha inakufanya utulie, jua kwamba hakuna kitu mle kilichojiangukia chenyewe.

Chukua Dune ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Denis Villeneuve na kupigwa picha na Greig Fraser, kwa bajeti ya takriban dola milioni 165. Hadithi yake iko jangwani, na sehemu kubwa ya jangwa hilo ni Wadi Rum, Jordan, na mchanga wa Abu Dhabi. Desturi ya filamu za namna hii ni kumsimamisha mwigizaji mbele ya pazia kubwa la kijani au la buluu, kisha kompyuta inaliondoa pazia na kuweka mandhari mengine. Tabu ni kwamba pazia la kijani humrushia mwigizaji ukijani kidevuni na masikioni, sawasawa na turubai la muuza mikanda wetu. Basi wao wakatumia mapazia yenye rangi ya mchanga, ili mwanga unaorudi usoni kwa mwigizaji uwe kama ule ambao jangwa lenyewe lingemrudishia. Fraser alipata Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2022.

Nilipolisoma jambo hilo nilitafakari sana. Fedha zile zote na mafundi wale wote walikuwa wakijitahidi kuhakikisha kwamba uso wa binadamu unashuhudia kwa kweli mahali uliposimama. Muuza mikanda wa Mtaa wa Kongo hajitahidi. Uso wake unashuhudia tangu asubuhi: buluu ya turubai kwa juu, joto la lami kwa chini, na ubavuni weupe wa ukuta wa duka la jirani. Mpiga picha bora kuliko wote haumbi hata chembe moja ya mwanga. Jua na moto alivikuta, na hata taa ya umeme inafuata sheria ambazo hakuziandika yeye. Kazi yake yote ni kuupokea mwanga, kuupitisha pembeni, kuuzuia hapa na kuuachia pale.

Waislamu wa zamani walilijua hili kwa undani. Al-Hasan ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefanya kazi Cairo miaka elfu moja iliyopita, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya mwanga na macho, Kitab al-Manazir. Yeye ndiye aliyethibitisha kwa majaribio kwamba kuona kunatokana na mwanga unaoingia jichoni, wala si miali inayotoka jichoni kwenda nje kama baadhi ya Wagiriki walivyofundisha. Aliuchunguza mwanga unaopenya kwenye tundu dogo na kuingia chumba chenye giza. Kamera zote za leo, ya simu yako na ya studio za Hollywood, ni kile chumba cha giza chenye tundu, kikiongezewa lenzi mbele na kitu cha kupokelea picha nyuma.

Vyumba kama hivyo Kariakoo vimejaa. Tafuta kibanda au stoo yenye bati lililotobolewa na msumari, halafu angalia sakafuni. Utaona duara dogo la mwanga. Tundu la msumari mara nyingi limechanika vibaya, halina uduara wowote, lakini doa lililoko chini ni duara safi. Sababu ni kwamba ile ni picha ya jua lenyewe, imepigwa na bati. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na watu wakakusanyika Rujewa, Mbarali, kuona pete ya moto angani, hapa Dar es Salaam jua lilifunikwa sehemu tu. Saa ile kila tundu la bati na kila mwanya kati ya majani ya mwembe ulikuwa ukichora hilali chini, maelfu ya hilali kwa mpigo, juu ya magunia, juu ya mchanga, juu ya migongo ya watu waliokuwa wakiangalia juu. Muumba aliitandaza sinema yake hadi chini ya miguu yetu, bila tiketi.

Na jicho lina jambo jingine ambalo kamera imelikimbilia kwa miaka mingi bila kulifikia. Jua la mchana la hapa kwetu hufikia kiasi cha lux laki moja. Usiku wa mbalamwezi mwanga hauzidi lux moja, na bado unamtambua jirani yako anakuja kwa mwendo wake. Mwaka 1975 Stanley Kubrick alitoa filamu ya Barry Lyndon, na akataka sini za usiku zimulikwe kwa mishumaa mitupu, kama zilivyokuwa nyumba za karne ya 18. Ilimlazimu yeye na mpiga picha wake, John Alcott, kutumia lenzi za Zeiss zilizobuniwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani, kwa kuwa lenzi za kawaida zilishindwa kuona. Picha zilitoka nzuri mno, na Alcott akapewa Oscar. Lakini umeme unapokatika Mtaa wa Sikukuu na mama akawasha mshumaa mmoja mezani, watoto wote wanaonana, wanakula, wanagombania nyama, na hakuna aliyeagiza lenzi.

Lililonigusa zaidi katika kujifunza habari hizi ni suala la ngozi. Ngozi ya mtu yeyote hurudisha sehemu ndogo ya mwanga papo hapo juu ya uso wake, kiasi cha asilimia 4 hivi, awe mweusi awe mweupe. Mwanga unaobaki huzama ndani. Kwenye ngozi nyeupe, mwingi kati ya huo hutawanyika na kutoka tena nje, ndiyo maana uso huonekana umemulikwa wote kwa pamoja. Kwenye ngozi nyeusi, melanini huumeza, na kwa kuumeza huwa inatulinda na jua la ikweta ambalo lingetuunguza. Kinachobaki kuuchora uso ni ule mng'ao wa juu. Kwa hiyo uso mweusi hufanya kazi kama maji ya kisima: unaonyesha kilichouzunguka. Uelekezee taa ndogo kali kutoka mbele, utapata doa jeupe kwenye paji na jingine kwenye ncha ya pua, kwingine giza. Uweke ubavuni mwa dirisha pana, au karibu na ukuta uliopakwa chokaa, mfupa wa shavu utatokea, taya litatokea, kope zitatokea, na ndani ya weusi ule utahesabu dhahabu, shaba, zambarau na buluu. Nenda kaangalie wanaume wanaocheza bao barazani mchana, wamekaa kivulini na barabara yenye jua iko mbele yao. Hakuna taa ya studio inayoushinda mwanga ule.

Kwa miongo mingi viwanda vya filamu havikujishughulisha na hili. Kodak walikuwa wakiwapelekea wenye maabara kadi ya kupimia rangi, picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Rangi ya mwanamke yule ikiwa sawa, filamu ilihesabiwa kuwa sawa. Watu weusi walitoka macho na meno tu. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, aliyeichunguza historia hii, ameeleza kwamba miongoni mwa waliosukuma mabadiliko ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Nyuso za mababu zetu zilikuwa zimesubiri miaka yote hiyo, na malalamiko yaliyosikilizwa yakawa ya makabati. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu albamu za harusi za wazee wengi wa Ilala na Gerezani zina bibi harusi ambaye shela yake inaonekana kila uzi na uso wake hauonekani.

Ndiyo maana Black Panther ya mwaka 2018 ilikuwa jambo kubwa hata kwa asiyependa filamu za mashujaa wanaoruka. Ryan Coogler aliongoza, Rachel Morrison akapiga picha, bajeti ikiwa kama dola milioni 200, na kwa mara ya kwanza fedha za kiasi hicho zilitumika kwa filamu ambayo karibu nyuso zake zote kuu ni nyeusi, kila mmoja na weusi wake. Ipo sini ya kasino ya Busan, Korea Kusini, ambapo Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, amevaa kijani, Danai Gurira amevaa nyekundu, na Chadwick Boseman amevaa nyeusi. Ruth Carter, aliyebuni mavazi, na Hannah Beachler, aliyebuni mandhari, walipata Oscar mwaka 2019, wanawake weusi wa kwanza katika tuzo zao hizo. Taa za kasino zimeenea pana na zina joto, na ngozi zinazipokea bila kupoteza chochote. Vijana wa Dar waliotoka ukumbini siku zile walizungumzia mapigano. Nawaomba warudie kuitazama kwa ajili ya mashavu ya Lupita.

Ava Berkofsky, aliyekuwa mpiga picha wa tamthilia ya Marekani iitwayo Insecure, amewahi kueleza kwamba waigizaji wake walipakwa mafuta mazuri usoni ili ngozi ipate cha kurudisha kwenye mwanga. Mama zetu wamekuwa wakifanya hivyo kila asubuhi ya shule, kiganja kimoja cha mafuta ya nazi kwa mtoto mzima, kuanzia paji hadi magotini. Mtoto anatoka mlangoni anang'aa, jua linampokea.

Fedha kubwa za sinema zilifika nchini kwetu mapema, ila zilikuja kutafuta vitu vingine. Howard Hawks alipopiga Hatari! kule Momella na maeneo mengine ya Arusha, filamu iliyotoka mwaka 1962, mpiga picha wake Russell Harlan aliteuliwa kuwania Oscar, na alistahili: vumbi linalotimka nyuma ya gari linalomfukuza kifaru, likiwa limepigwa na jua kwa nyuma, halisahauliki. Filamu ya aina ile iliwafundisha walimwengu kwamba Tanganyika ni nyika, wanyama na anga pana. Dar es Salaam ya watu, yenye baraza na mitaa, haikuwemo. Watu wa mjini wenyewe walikuwa wakijaa Empire, Avalon, Odeon, Cameo na New Chox kutazama nyuso za Bombay na za Marekani, na kuanzia mwaka 1966 wenye magari wakaenda Drive-In ya Msasani, pale ulipo sasa ubalozi wa Marekani, wakatazame filamu chini ya nyota.

Kwa hiyo ilinifurahisha moyoni dairekta Amil Shivji alipoanza kuligeuzia jiji hili kamera. T-Junction, iliyofungua tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar, mwaka 2017, ni hadithi ya Dar es Salaam, ya binti mwenye damu ya Kihindi na ya Kiafrika. Kisha akaitengeneza Vuta N'kuvute kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 1950, mapenzi ya Yasmin na Denge chini ya utawala wa Mwingereza. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, na Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar mwaka uliofuata. Bajeti yake ukiiweka kando ya Dune ni kama haipo. Lakini mwanga wa pwani ni uleule alioutazama Ibn al-Haytham, na ngozi zilizomo mle zimepigwa picha na mtu aliyezipenda. Vijana wengine wa hapa mjini hushuti kwa vifaa ambavyo studio kubwa isingevitambua: shuka jeupe lililofungwa dirishani kulainisha jua, au kile kipande cha povu gumu jeupe kinachotoka ndani ya boksi la friji, kikiegemezwa kwenye kiti ili kiurudishe mwanga usoni kwa mwigizaji. Matokeo yake, yakifanywa kwa subira, ni mazuri kweli. Wanaokimbilia kuwasha taa zote walizonazo ndio wanaoharibu.

Subira yenyewe hapa kwetu ina mpaka mkali. Néstor Almendros alipoipigia picha Days of Heaven ya Terrence Malick, iliyotoka mwaka 1978, walisubiri mchana kutwa huko Alberta, Canada, ili washuti zile dakika chache baada ya jua kuzama, anga likiwa bado lina mwanga na vivuli vikiwa vimefutika. Nchi za kaskazini jua hushuka kwa mshazari, kwa hiyo utusitusi hukawia. Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua hushuka karibu wima. Kuanzia linapozama hadi giza la kweli kuanza kuingia ni kama dakika 20 hivi. Msikiti wa Manyema na Msikiti wa Mtoro inaadhini magharibi, anga juu ya Jangwani linageuka rangi ya papai, taa za maduka zinawaka moja moja, na kwa dakika hizo mwanga wa mbingu na mwanga wa balbu unalingana. Kamera inaweza kuviona vyote viwili kwa pamoja, mtu aliyeko barabarani na nguo zilizotundikwa ndani ya duka. Waadhini hawakosei saa ya wekundu ule, kwa kuwa sala imefungwa nayo. Dairekta mwenye akili hupanga waigizaji wake kuanzia saa kumi, anafanya mazoezi yote, na mwanga ukifika kazi yake ni kusema neno moja.

Mwanga mgumu kuliko wote ni wa mchana. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 3 Machi na tena tarehe 10 au 11 Oktoba, jua hupita juu kabisa ya utosi wa Dar es Salaam, na kivuli cha mtu huingia chini ya miguu yake. Macho yanakuwa mashimo, pua inaweka kivuli mdomoni. Mafundi wa filamu kubwa wakikutwa na saa hiyo hutandaza kitambaa cheupe kwenye fremu kubwa ya chuma juu ya waigizaji, au hufunga kazi wakale.

Beda Amuli aliutatulia mwanga huo kwa zege. Msanifu huyu alipochora Soko la Kariakoo, lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege iliyofunguka kwenda juu kama faneli, kila mmoja ukisimama juu ya nguzo yake. Mvua ikinyesha, maji hukusanywa na kuteremshwa chini kuhifadhiwa. Jua likiwaka, uzito wake wa moja kwa moja huishia juu, na unaofika kwenye meza za nyanya na bamia ni ule uliokwisha kugonga zege na kulainika. Amuli hakuwahi kuhesabiwa miongoni mwa watu wa sinema, lakini alilifanyia jiji zima kile ambacho Fraser aliwafanyia waigizaji wachache: aliamua mwanga upite wapi kabla haujafika usoni kwa mtu. Moto wa Julai 10, 2021 uliliunguza soko hilo, na ujenzi na ukarabati mkubwa ukafuata. Picha zilizopigwa mle ndani kabla ya moto zipo nyingi, kwa watalii, kwa wanafunzi wa usanifu, kwa familia zilizouza pale tangu kufunguliwa kwake. Zikusanywe, na wanafunzi wa filamu wa vyuo vya Mlimani na Bagamoyo waonyeshwe, wamwangalie mama muuza ndizi aliyesimama chini ya nguzo, alivyomulikwa.